Alhamisi za Verlene Gatlin

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una chungu jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka Verlene Gatlin, mpiga piano wetu wa Alhamisi. Verlene Gatlin ametutoka akiwa na miaka sitini na moja.

Kwa Bi Cleotha mnapajua, ng'ambo ya reli. Chumba kimoja, meza chache, kambare wa kukaanga, na mafeni yanayozungusha joto tu. Kila Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mashamba ya pamba, Verlene alikaa kwenye piano na muziki wa bluzi ukaanza. Ukishaanza, mtu alisahau uma mkononi. Chumba kilikuwa kama kinaelea. Ulitoka pale ukafika nyumbani, na hukujua umepita njia gani.

Lakini mama yake hakuwahi kuingia. Bi Ozella Gatlin, mwalimu wa kwaya wa kanisa la Mlima Nebo. Yeye ndiye aliyemfundisha Verlene piano, kulekule kanisani. Binti alipohamia kwenye bluzi, Bi Ozella alisema mara moja tu: "Vidole hivyo nilivifundisha kwa ajili ya Mungu. Sikuvifundisha kwa ajili ya walevi."

Basi. Miaka thelathini hakulirudia neno hilo. Kila Jumapili walikula pamoja, wakacheka, wakagombania chumvi ya mboga. Habari za Alhamisi hazikutajwa mezani.

Na Verlene alikuwa na hamu moja. Mama yake amsikie akipiga. Hiyo tu. Kila Alhamisi alimpigia simu mdogo wake, Lonzell, anayeishi na mama yao: "Mwambie Mama leo kuna kambare." Jibu lilikuwa lilelile: "Mama amechoka, dada."

Bi Cleotha alimtania. "Wewe Verlene, mama yako anakaanga kambare kunishinda mimi. Tafuta uongo mwingine!" Verlene alicheka mpaka machozi, lakini macho yakabaki mlangoni. Aliumia, wasikilizaji. Tusifiche.

Mwezi uliopita moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Tulimzika Jumamosi. Alhamisi iliyofuata, bendi yake ilifanya kama tunavyofanya hapa. Mwenzetu akifa, wimbo wake unapigwa, na pale alipokuwa akipiga peke yake hapaguswi. Ngoma inahesabu taratibu, besi inapumua chini kwa chini. Nafasi ile inaachwa wazi. Ni yake.

Kabla wimbo haujaanza, mlango ukafunguliwa. Bi Ozella, miaka themanini na minne, kofia ya kanisani kichwani, kamshika Lonzell mkono. Watu wote wakasimama.

"Kaeni," akasema. "Sikuja kuangaliwa."

Wimbo ukaanza, laini kama mvuke wa chai. Ukafika pale pa Verlene. Vichwa vikainama. Ngoma ikahesabu, na piano ikabaki kimya. Bi Ozella hakuijua desturi yetu. Akamkazia macho Rufus, mpiga gitaa mwenye mvi tupu, kwa ukali uleule wa kwaya.

"Wewe kijana, mmelala? Mbona mnaacha? Hapa ndipo anapoingia Verlene!"

Gitaa lilimponyoka Rufus mapajani. Bi Ozella hakuwahi kukanyaga pale. Alijuaje?

Lonzell ndiye aliyetueleza, analia waziwazi. "Kila Alhamisi nilimleta. Naegesha gari huko nyuma, tunashusha vioo. Nyimbo zote anazijua. Aliniapisha nisimwambie dada. Nami sikumwambia."

Miaka thelathini, wasikilizaji. Binti anautazama mlango, na mama yuko upande wa pili wa ukuta, anafuatisha mapigo kwa vidole juu ya goti. Mama alimsikia. Alimsikia kila Alhamisi. Verlene alikufa bila kujua.

Bi Ozella, mama yetu, pole sana. Lonzell, pole ndugu yetu, umebeba mzigo ambao haukuwa wako. Poleni nyote wa kwa Bi Cleotha, na nyote wa Mlima Nebo. Mungu ampumzishe Verlene.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri. Yuko mtu unayejivunia kimyakimya, na yeye anadhani humjali. Unamjua. Kipindi hiki si muhimu kuliko yeye. Zima redio, uende ukamwambie.