Nicanor Polanco, Aliyeishi kwa Jina la Kaka Yake

Nawaomba mnyamaze, na wenye vikombe vya kahawa waviweke chini, maana haya yatasomwa mara moja tu. Mimi ni Eufemia Polanco, bibi yake marehemu, mama wa mama yake, na ndiye niliyemlea. Jana nililetewa karatasi iliyopigwa chapa, yenye msalaba juu, inayosema kwamba leo tunamzika Anselmo Polanco, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1978. Karatasi hiyo nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba, ndiyo kazi inayoifaa. Nitasoma hii yangu, niliyoiandika kwa mkono wangu na kwa elimu yangu ya darasa la tatu, huku Nicanora, binti mkubwa wa marehemu, akinirekebishia herufi.

Marehemu ni Nicanor Polanco. Alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Februari 1981, hapa hapa Las Guamas, kambi ya wakata miwa, mkoa wa San Pedro de Macorís, katika chumba cha mbao kilichokuwa pale penye jiko sasa, na aliyempokea ni mimi, kwa kuwa mkunga alikuwa amekwenda kucheza bahati nasibu. Alikuwa mtoto wa pili wa binti yangu Digna, wa kwanza akiwa Anselmo, huyu aliyekaa mbele hapa na shati jeupe. Digna alivuka kwenda kutafuta kazi Puerto Riko mwaka 1985, akarudi Krismasi mbili, kisha hakurudi tena, na watoto nikabaki nao mimi.

Alianza shule mwaka 1988 na kumaliza darasa la nane mwaka 1996, mwandiko wake ukiwa mzuri kuliko wa mwalimu. Alikuwa na ugonjwa wa kuandika jina lake. Aliliandika kwenye glavu ya besiboli aliyojitengenezea kwa boksi la maziwa, kwenye kigongo alichochonga kwa mti wa mpera, na ukutani mwa choo changu alilichimba kwa msumari, herufi kubwa kama za duka, nami nikamchapa kwa ajili hiyo. Choo kipo, na jina lipo, anayetaka aende akasome.

Sasa nafika mwaka 1997, na hapa nawaomba mnivumilie, maana kosa ni langu.

Wote mnamkumbuka marehemu Chago, dalali wa vijana, aliyekuwa akiwafundisha besiboli watoto wa kambi hii kwenye uwanja ule nyuma ya mizani ya miwa, kisha akiwapeleka kwa watu wa timu za Marekani. Mwezi wa Mei mwaka ule alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Bibi Femia," akaniambia, "huyu Anselmo wako akigonga mpira, mpira unaomba msamaha. Timu inamtaka."

"Basi wamchukue, anakula sana."

"Shida ni umri. Ana kumi na tisa. Kwao wale, kijana wa kumi na tisa ni mzee, karibu umtafutie fimbo. Wanataka wa kumi na sita, watie saini tarehe mbili Julai, kama kawaida yao. Kwani huyu mwembamba ana miaka mingapi?"

Huyu mwembamba ndiye Nicanor, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi mbichi. Alikuwa na kumi na sita kamili. Nikatoa kopo la biskuti kabatini, nikatoa vyeti viwili vya kuzaliwa, nikabadilisha, cha mdogo nikampa mkubwa, na cha mkubwa nikampa mdogo. Hakuna aliyenishika mkono, wala sitamsingizia Chago, maana yeye alisema tu, aliyefungua kopo ni mimi. Familia nyingi zilifanya hivyo, na baadhi yenu mnatazama viatu vyenu sasa hivi, endeleeni kuvitazama.

Nicanor akaniuliza, "Na mimi nitakuwa nani, bibi?"

Nikamwambia, "Utakuwa Anselmo. Ni jina la babu yako, halikuchubui."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kaka yako afike."

Akasema, "Haya, bibi," akaendelea na ndizi zake. Kwa hiyo siku ya Jumatano, tarehe 2 Julai 1997, Anselmo alitia saini akiitwa Nicanor Polanco, mwenye miaka kumi na sita, akapigwa picha na kofia ya timu. Nyumba hii ya matofali mliyoegemea kuta zake ilitoka kwenye saini hiyo. Mimi nimelala chini ya bati lake miaka ishirini na sita, sitajifanya leo kwamba lilikuwa linavuja.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Chago na ujanja wake wala mimi na mvi zangu, ni kwamba huyu mwembamba naye angeota. Katika mwaka mmoja alirefuka shubiri nzima, na mkono wake wa kulia ukawa si mkono tena. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1998, bwana mmoja wa timu alikuja na kile kidude cha kupimia mwendo wa mpira, kuwatazama vijana wengine kabisa, na Chago akamsimamisha Nicanor juu ya kichuguu cha mrushaji ili tu awarushie wapigaji. Mimi nilikuwa kando ya uwanja na karai langu la maandazi, kama kila Jumamosi.

Alirusha mmoja. Yule bwana akatazama kidude, akakipiga kofi, akadhani kimeharibika.

"Tena, kijana. Tena. Mama yangu! Maili tisini na tatu! Chago, huyu umemficha wapi, chini ya kitanda? Ana umri gani?"

Chago akakohoa. Kwenye karatasi, Nicanor alikuwa Anselmo, na Anselmo alikuwa na ishirini. "Ishirini," akasema.

"Ishirini? Unaniletea babu? Angekuwa na kumi na saba ningemtia saini sasa hivi, juu ya mgongo wako." Akafunga daftari lake.

Alikuwa na kumi na saba. Neno moja tu lilitosha, lakini neno hilo lingemtoa kaka yake akademi, ile shule ya besiboli ya timu, kabla hajapanda ndege. Nicanor hakumtazama Chago, wala yule bwana, alinitazama mimi, kule kando ya uwanja. Nami nikayageuza maandazi. Hayakuwa yamefika kugeuzwa.

Kuhusu kazi, marehemu alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kuanzia Januari 1999 hadi kilipofungwa mwaka 2002, na kuanzia tarehe 3 Februari 2003 hadi alipougua aliajiriwa katika akademi ya timu ileile, kama mtunza uwanja. Yeye ndiye aliyekuwa akisawazisha udongo, akimwagilia nyasi na kuchora mistari kwa chokaa, na mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko tabia za wengi waliopo hapa. Kila Julai wakiletwa vijana wapya waliotia saini, alimsimamisha kila mmoja juu ya kichuguu, mikono yake imejaa chokaa, akimwuliza, "Unaitwa nani? Sema kwa sauti, mpaka kule kwenye uzio." Vijana walidhani ni utani wa mzee wa uwanja. Wengine wamekuja leo, nawaona, mmekuwa wanaume. Haukuwa utani.

Anselmo alivuka kwenda Marekani Machi 1999, akahangaika kwenye timu ndogondogo, na Agosti 2004 akapandishwa timu kubwa, akacheza mechi sitini na moja kabla goti halijamkataa. Tulikuwa tukisikiliza redio hapa uani, kambi nzima, na mtangazaji akisema, "Sasa anakuja kupiga, Nicanor Polanco!" watu waliruka, wakamwagiana bia. Nicanor mwenyewe alikuwa akikaa karibu na redio kuliko wote, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza hodi. Siku moja aliniambia, "Bibi, leo nimegonga mbili." Tukacheka. Alicheka yeye zaidi. Nanyi nyote wa Las Guamas mlijua, toka mkubwa mpaka anayetambaa, mkafunga midomo miaka yote hiyo, na kwa kambi isiyoweza kuficha hata mimba ya wiki mbili, huo ulikuwa upendo, nawashukuru.

Alifunga ndoa takatifu na Miladis Severino siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2008, na padri alipouliza, "Wewe Anselmo, unamkubali?" alichelewa kujibu, hata mama mkwe akaanza kukunja uso. Hakuwa na shaka na Miladis, alikuwa anasubiri aulizwe yeye. Walijaliwa watoto wawili wa kike, Nicanora, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2009, na Yokasta, aliyezaliwa tarehe 22 Juni 2013. Miladis aligombana naye juu ya jina la huyu wa kwanza.

"Nicanora! Mtoto wa kike! Watamcheka."

"Watazoea."

Alikuwa akimwita kutoka uwanjani mpaka barabarani, tena bila ile a ya mwisho, "Nicanooor!" Mtoto akifika mbio, akimwuliza, "Unataka nini, baba?" alikuwa akisema, "Hakuna, nilikuwa naita tu."

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa. Kuanzia Machi 2021 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya mkoa, na kila mara muuguzi akifungua mlango na kuita, "Anselmo Polanco!" alinyanyuka polepole, kama anayemwachia mwingine nafasi atangulie. Wiki tatu kabla ya kufa aliniambia, "Bibi, siku mtakayonipitisha uwanjani, mniite." Mnajua desturi yetu, mchezaji akifa, jeneza lake hubebwa kuzunguka vituo vyote vinne vya uwanja mpaka kituo cha nyumbani, na mwenye sauti humwita kwa jina, kama anaingia kucheza.

Nami, mtu mzima wa miaka themanini na minne, nikamwuliza, "Tukuite jina gani?" Akanitazama kama siku ile ya maandazi. Safari hii sikuwa na cha kugeuza.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu, mwezi mmoja na siku tatu. Ile karatasi iliyo chini ya meza inampa arobaini na mitano, inamwongezea miaka miwili na nusu na zaidi, ambayo hakuila.

Anselmo alifika jana asubuhi. Binamu zake wanaojua sheria walimkalisha jikoni wakamwambia, "Mzike kwa jina la kwenye karatasi, kaka. Ukilitangaza lile lingine, ujue huko Marekani hurudi. Paspoti yako, kazi yako ya kufundisha watoto, vyote ni vya Nicanor. Marehemu ameshakufa, hasikii." Mimi nilikuwa natwanga vitunguu saumu, sikusema neno, maana niliwahi kusema mwaka 1997 na mmeona matokeo yake. Lakini nilipokwenda San Pedro kuchukua cheti cha kifo, alinifuata.

Karani akauliza, "Jina la marehemu?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Anselmo akatangulia, akaweka paspoti yake juu ya meza.

"Nicanor Polanco," akasema. "Ni mdogo wangu. Mimi ni Anselmo."

Karani akaifungua, akatazama picha, akamtazama yeye. "Mbona hii ina sura yako? Paspoti hii ni ya nani?"

"Ya huyo aliyekufa."

Akaiacha pale pale, tukatoka. Nje aliniomba sigara, mtu asiyevuta. Kwa hiyo hatarudi huko, na atakaa chumba cha nyuma, nami nimeshamwambia kwamba bado anakula sana.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, waliomhudumia miaka mitatu wakimwita kwa jina tuliloandika sisi, hawana kosa. Nawashukuru majirani waliokesha nasi, walioleta viti, mihogo na kahawa, na yule aliyechukua kuku wangu mweupe kwa ajili ya mchuzi bila kuuliza, namjua, nimemsamehe mpaka Jumatatu. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa akademi, waliochora uwanja wetu leo alfajiri kwa chokaa mpya, mistari imepinda kidogo, angewasema. Sala za siku tisa zitaanza leo saa kumi na mbili jioni, hapa hapa nyumbani.

Sasa wabebaji wasimame. Mtaingilia kituo cha kwanza, mtakwenda taratibu, hajawahi kuharakishwa na mtu juu ya uwanja ule. Mkimaliza vituo, mkifika kwenye kichuguu cha mrushaji msimame, na Anselmo ndiye atakayeita, mara moja, mpaka kule kwenye uzio, kisha nyote mtampigia makofi kama mlivyoipigia redio.

Nicanor, mjukuu wangu, nilikuambia mpaka kaka yako afike. Amefika. Chukua jina lako, ulale nalo kwa amani.