Jina Nililomupa Marehemu

Batata na bamama wa kikundi chetu cha maombi, hapa Dilala, Kolwezi, munanijua kwa kucheka. Leo nitawaambia juu ya woga. Miaka miwili mi niliogopa posta kuliko simba.

Kaka yangu mukubwa njo yeye alinitoa Kasai, akanipa kitanda nyumbani kwake, akanisukuma kwenye masomo ya jioni. Yeye hakujua kusoma. Mi nilihitimu na hati nzuri, nzuri hata inzi aliogopa kutua juu ya karatasi yangu. Basi barua zake kwa mama ziliandikwa na mimi: yeye anasema, mi naandika.

Homa ilimuchukua kwa siku tatu. Siku za kilio zilipokwisha, batu ba kwetu balio hapa baliniachia kazi ya kumujulisha mama kule Kasai, kwa kuwa mi ni musomi. Nikakaa mezani. Ndugu zangu, mama alikuwa amekwisha kuzika batoto bane. Siku nilipopanda treni kuja huku, aliniambia, "Huyu mukubwa wenu akinitangulia, mi ninamufuata." Nikaiona kalamu kama kisu. Mukono ukaandika wenyewe: "Mama, mi mutoto wako wa kwanza, niko muzima."

Kila mwezi nikaandika. Nilimunenepesha kaka, nikamufanya kapita, musimamizi wa batu mia tano kazini. Marehemu alikuwa na afya kunipita. Na mi sikulia hata siku moja. Utamuliliaje mutu uliyeandika jana kwamba amekula vizuri?

Halafu serikali ikatuagiza tuache majina ya ubatizo, turudie majina ya bankambo, babu zetu. Mi nilipata langu. Lakini marehemu naye alihitaji jina. Nikamupa la babu, nikafunga barua.

Jibu likafika, kwa mukono wa katekista anayemusomea mama. Lilikuwa fupi: "Ninapanda treni. Ninakuja."

Sikulala, sikula. Pale stesheni nilifika mapema, hata jogoo alinishangaa.

Mama alishuka na furushi moja. Kichwani alifunga kitambaa cheusi. Sikutaka kukiona kile kitambaa.

"Mama, kaka iko kazini, atakuja..."

Akaniziba mudomo kwa kiganja. Alisema kwa Kiluba, mi nawaletea kwa Kiswahili chetu. "Nyamaza, mutoto wangu. Alikufa lini?"

Nikamwambia. Halafu nikauliza, "Ulijuaje?"

"Mukubwa wako ana jina nililomwita nikiwa ninamunyonyesha. Tulilijua mi na yeye tu. Balipotuambia kurudia majina ya zamani, nilijua atachukua lile. Wewe ukaniletea la babu. Katekista akasoma mara mbili. Nikamwambia, kunja barua."

"Na haukufa?" Swali la mupumbavu mwenye diploma.

"Nilitaka. Halafu nikafikiri, kule Kolwezi kuko mutoto wangu mwingine, anakula meza moja na maiti, na hana mutu wa kulia naye. Nipeleke kaburini."

Pale kaburini alipiga magoti, akamwita kaka kwa jina lile, polepole, kama anamuamusha mutoto ale. Ndipo nikalia, mpaka muto Lualaba ukajaa... Hapana. Hapa sitatia chumvi. Nililia kama mutoto, na mama alinishika shingo.

Ninamushukuru katekista aliyekunja barua akanyamaza. Ninabashukuru bamama ba hapa baliopikia mama mwezi mzima, bakalia naye upya bila kuniuliza kwa nini nilidanganya. Mama alirudi Kasai, anaishi, analima.

Mwenye kufiwa, usimufiche mwenzako kilio. Nilidhani ninamukinga mama na kifo, kumbe nilijinyima mukono wake.

Lile jina musiniulize, ni la kaburini. Barua zangu kwa mama sasa ni fupi. Hati ni nzuri vilevile, na chini kuna jina moja tu, langu.