Mzunguko Uliobaki wa Hoyt Lingerfelt

Mheshimiwa Meya Purvis Sigmon. Mchungaji Tate wa kanisa letu la Kibaptisti. Bwana Mwamuzi Mkuu wa mbio za magari, ambaye leo tumekubaliana kumpigia makofi badala ya kumzomea. Madereva, mafundi na wabadili matairi. Ndugu wageni waalikwa mliojaa ukumbi huu wa zimamoto wa Cobb Ridge kwa sherehe hii ya kustaafu. Na wewe, Hoyt, mume wangu, uliyekaa hapo mbele na tai kama mtu aliyefungwa kamba: habari za jioni.

Najua nyama ya nguruwe imeiva na siki yake iko mezani. Vumilieni. Mwanamke aliyesimama juu ya paa la jukwaa msimu baada ya msimu, redio ya upepo mdomoni, akimwangalizia mumewe njia na kumwambia, "Kuna gari kushoto, Hoyt, kushoto!", na mumewe asisikie, je, hastahili kusikilizwa jioni moja?

Mnauliza Hoyt ni dereva wa namna gani? Muulizeni Mchungaji. Mwaka juzi alikuwa anaongoza msafara wa mazishi, polepole, kwa heshima zote. Hoyt akaona mtumishi wa Mungu anateseka. Akamjia nyuma, bampa kwa bampa, akamsukuma kama wanavyosukumana uwanjani. Mchungaji alifika makaburini kabla ya marehemu. Na hadi leo Hoyt anangoja kushukuriwa!

Sasa niseme lililonileta hapa. Mume wangu ameshinda Tennessee, ameshinda Virginia, ameshinda kwa watu wasiomjua. Hapa nyumbani, hata mara moja. Injini itazima, tairi litapasuka, safari moja kicheche aliingia kwa dirisha. Basi akaapa mbele ya mama yake kwamba haachi mbio mpaka ashinde Cobb Ridge. Majira haya ya kuchipua daktari akampiga picha ya shingo, akatuambia wazi: akigonga ukuta tena, Verna, utamlisha uji kwa kijiko maisha yake yote.

"Umesikia, Hoyt?"

"Nimesikia. Nikishinda nyumbani naacha."

"Na usiposhinda?"

"Nitashinda mwakani."

Jamani, kichwa gani hiki! Nimelia, nimenuna. Nilichomoa usukani wa gari nikauficha kwenye friza, chini ya mahindi. Akaenda kuazima mwingine kwa Cletus Yount, yule yule hasimu wake anayemgonga tangu walipokuwa na nywele. Na Cletus akampa!

Jumamosi ile ya mwisho, mnakumbuka, Bi. Nadine, mke wa mpeperusha bendera wetu Ferrell, alikuwa amezifua bendera zote kwa mapenzi mema na dawa nyingi ya madoa. Ile ya mwisho wa mbio, yenye mirabaraba myeusi na myeupe, ikatoka imepauka kama shuka la hospitali. Ferrell akawaambia madereva kikaoni, "Leo bendera ya mwisho ni nyeupe nyeupe, msishangae." Bi. Nadine, usijifiche nyuma ya keki, tunakupenda.

Hoyt akaongoza. Akaongoza vizuri, mpaka nikasahau kupumua. Ferrell akapeperusha bendera nyeupe, ile nyeupe halisi, ya kusema umebaki mzunguko mmoja. Hoyt akaona nyeupe. Akafanya nini? Akasimamisha gari, akaanza kulizungusha pale pale kusherehekea, moshi wa matairi ukafunika uwanja! Nikapiga kelele redioni, "Bado! Bado mzunguko!" Ananiambia alisikia kelele akadhani nimefurahi.

Gari likazima. Waliomfuata wakaingia kwenye moshi wakarundikana kama kondoo langoni, ashukuriwe Mungu hakuumia mtu. Akatoka mmoja tu, Cletus, njia nyeupe mbele yake, ushindi wa bure. Nikiwa juu ya paa nikamwona anapunguza mwendo, taratibu, akagusa bampa ya Hoyt kwa upole kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Akamsukuma mzunguko mzima hadi mstari wa mwisho, Hoyt mbele. Kusukumwa hadi ushindi ni kosa, lakini Bwana Mwamuzi Mkuu alikuwa anatafuta miwani yake, Mungu ambariki.

Nikajua yamekwisha. Kumbe! Leo tukija hapa, huyu hapa ananiambia garini, "Verna, ule si ushindi. Nimesukumwa kama toroli. Mwakani narudi." Ndiyo maana anaitazama keki yake ya kustaafu kana kwamba imemtukana. Basi nakuuliza mbele ya watu wote hawa, Hoyt: shingo hiyo ni ya nani? Si ni ile ninayolala nayo ubavuni? Unataka nini tena kwangu ili...

Samahani. Shemeji Cletus, mbona umesimama? Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Anasema hakumsukuma kumsaidia. Anasema breki zilimkatikia! Anasema, "Nilitaka kulitupa ukutani hilo zee nishinde mimi, nikashindwa."

Hoyt anasema aape. Haya, Cletus anaapa. Kwa jina la mama yake mwenyewe, jamani, na mama yake yule pale anatikisa kichwa.

Basi mimi ndiye niliyeona vibaya. Moshi ulikuwa mwingi, na macho yangu si ya ujana.

Hoyt, unasimama? Sema.

Mmemsikia? Kwa wale wa nyuma narudia: anasema, "Basi nilimshinda kihalali." Kashinda! Kashinda na kaacha!

Shemeji Cletus, njoo nikubusu shavu, wewe na breki zako mbovu. Na ninyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu mbele ya nyama. Kuleni. Mimi nina mume wa kurudisha nyumbani mzima, na leo naendesha mimi.