Bi. Leonora Brandhorst na Jina Aliloliruka Kitabuni

Marehemu Bi. Leonora Tiemeyer Brandhorst alizaliwa tarehe 3 Machi 1929 hapa Neuhagen, Ohio, mtoto wa pili wa Bwana Reinhold na Bibi Mathilde Tiemeyer. Alikuwa kitukuu wa Gerhard Tiemeyer, mhunzi aliyetoka Westfalia, Ujerumani, mwaka 1851 na kuanzisha kiwanda cha majiko ya chuma kilicholisha nusu ya mji huu.

Alisoma shule ya kanisa letu, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1950. Lakini somo lililomjenga, na lililomponza, alilipata kwa bibi mzaa mama yake, aliyemfundisha kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani huku akimgonga vidole kwa mwiko. Bibi alipofariki, Leonora alibaki peke yake katika ukoo mzima aliyeweza kusoma vitabu vya ubatizo vya kanisa.

Kuanzia 1951 hadi 1991 alikuwa mkutubi wa mji. Ukoo nao ukampa kazi ya pili isiyo na likizo: kuandika kitabu cha nasaba. Kila mzao wa Gerhard alipewa namba, na kila Jumapili ya kwanza ya Agosti, kwenye mkutano wa ukoo, sote tulivaa namba zetu kifuani na kuketi meza kwa meza, tawi kwa tawi.

Tarehe 12 Juni 1954 aliolewa na Edgar Brandhorst, fundi wa kiwandani, mtu wa mizaha. Waliooa au kuolewa katika ukoo hawakuwa na namba, basi Edgar akajiandikia sifuri kubwa na kuivaa kila Agosti. "Sifuri naomba soseji!" alikuwa akipaza sauti, na mkewe akijifanya hamjui.

Sasa tufike mahali ambapo marehemu mwenyewe alituagiza tusiparuke. Mwaka 1958, kitabu kikikaribia kuchapwa, alikuta katika kitabu cha ubatizo jina la Alma, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1921. Mama yake alikuwa Hulda Tiemeyer, dada mdogo wa baba yake Leonora. Mahali pa jina la baba palikuwa patupu. Hulda alifariki mwaka uliofuata, na mtoto akalelewa na akina Lubbers, maili tatu kutoka hapa. Leonora alimfahamu. Sote tulimfahamu. Alma ndiye aliyemenya viazi jikoni kila mkutano wa Agosti.

Bwana Reinhold alikuwa akigombea useneta wa jimbo mwaka huo. Alisoma ukurasa ule, akaurudisha mezani.

"Andika Hulda alifariki bila kuacha mtoto."

"Baba, mtoto yupo. Yuko jikoni kwetu."

"Nani mwingine anajua kusoma hayo madudu? Wewe tu. Basi andika."

Akaandika. Watu mia sita themanini na watatu waliingia kitabuni, Alma hakuingia. Baba yake alishinda kiti chake.

Usiku wa mkutano uliofuata Edgar alimwambia, "Mke wangu, mimi hata sifuri ninayo. Yule mama wa jikoni je?" Leonora alimwambia anyamaze. Alituambia kwamba alijionea aibu tangu siku ile, na kwamba kila Agosti alijiapiza kusema, na kila Agosti alipokea sahani yake na kupita. Baba yake alifariki 1971, Edgar 1998. Hapakuwa na wa kumwogopa tena, na bado hakusema.

Mwezi Mei mwaka huu, 2013, figo zake zilianza kushindwa kazi. Septemba alimtuma mpwa wake Renata, anayesoma maneno haya, amlete Bi. Alma. Renata naye ana lake la kutubu: kwa miaka hamsini alimpa mama huyu vyombo vichafu bila kumuuliza hali.

Leonora alisema yote, akilia. Bi. Alma alisikiliza, mkoba mapajani.

"Nilijua," akasema. "Mama Lubbers aliniambia nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakuja kutumenyea viazi, binamu?"

"Ningewaona wapi tena ndugu zangu?"

Leonora akaomba kitabu kichapwe upya. Bi. Alma akatikisa kichwa. "Kitabu mtakifungia kabatini. Mimi nataka jina la mama yangu lisomwe kanisani, kwa sauti, hao wote wakiwa wameketi." Hakusema amesamehe, na Leonora hakuthubutu kumuuliza. Leonora alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 14 Oktoba 2013.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Conrad; wajukuu watatu; mpwa wake Renata; na binamu yake wa damu, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, ambaye leo ameketi benchi la mbele: Alma, binti wa Hulda Tiemeyer.

Binti wa Hulda Tiemeyer.

Ee Mungu, mpe Leonora pumziko ambalo hakujipa mwenyewe.