Siku Niliyoangua Nazi Bila Kuita

Asalaam aleikum, jamaa zangu. Na wenzetu Wakristo, hamjambo? Mnaniona natetemeka, na mimi ni mtu wa kukaa juu ya mnazi bila kamba. Leo hapa chini ndiko kunakonitia kizunguzungu. Kikundi hiki ni cha watu walioumia kazini, na mimi sikuumia. Mimi niliumiza.

Mimi ni mkwezi. Naangua nazi katika hoteli moja hapo Diani, zisije zikamwangukia mgeni kichwani. Marehemu baba alinifundisha kazi hii kwetu Mkongani, na sharti lake lilikuwa moja. Ukifika juu, ita: "Chini kuna mtu?" Usikate mpaka mtu akujibu, "Hakuna, angua!" Asipokujibu mtu, ngoja. Najua mnacheka. Kama hakuna mtu, anayejibu ni nani? Mimi pia nilimcheka mzee, akanipiga konzi.

Sasa kule hotelini, msimamizi wetu akasema kelele zangu zinawaamsha wageni. Nisiite tena. Akanipa kitambaa chekundu nikifunge kwenye shina la mnazi ninaoukwea, wenzangu wakikiona wajue. Nikakubali. Ndugu zangu, nawaambia, kitambaa hakina mdomo, lakini siku ile kingetosha kama ningekifunga. Minazi miwili ilikuwa karibu karibu. Nikamaliza wa kwanza, nikashuka, nikapanda wa pili, kitambaa nikakiacha kule kule. Hatua sita tu! Uvivu, si kingine. Nikakata kole zima la nazi.

Nikasikia kishindo, kisha ukelele. Mama mmoja mfagiaji, mtu wa makamo, alikuwa ameinama pale chini anazoa majani. Nazi ilimpiga begani. Nilivyoshuka sikumbuki, ila kifua changu chote kilichubuka.

Yeye alipelekwa hospitali, mimi niliitwa ofisini nikapewa karatasi. Imeandikwa kosa ni langu peke yangu, na matibabu ya yule mama ni juu yangu mimi. Nikasaini kwa hofu. Kisha nikatoroka. Wiki tatu nilijificha kwa shangazi yangu Mkongani, najidai nalima mihogo.

Mke wangu akanifuata huko. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Baba watoto, yule mama husuka makuti, na sasa ana mkono mmoja. Wewe una miguu miwili mizima, na kazi yake ni kukimbia?" Ah! Maneno hayo yalinichoma. Kesho yake nikashika njia ya Kikoneni, nyumbani kwa yule mama.

Nilimkuta barazani, mkono umening'inizwa shingoni kwa leso. Nikamwamkia shikamoo. Nililia, jamani, mwanamume mzima. Yeye akasogea kwenye mkeka akaniachia nafasi.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wapi siku zote hizi? Nilidhani na wewe ulianguka."

Yarabi! Mtu niliyemvunja bega ndiye aliyekuwa akinihurumia.

Kisha akaniuliza, "Mbona hukuita?" Nikamwambia yote, kukatazwa kwangu na uvivu wangu wa kile kitambaa. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini msamaha hauungi bega. Hotelini wanasema hawahusiki, eti wewe ulishasaini. Twende kwa afisa wa kazi ukayaseme hayo. Yote mawili, usiache hata moja."

Niliogopa sana. Kumtaja msimamizi ni kutafuta kufukuzwa, na kujitaja mwenyewe ni vivyo hivyo. Lakini niliutazama ule mkono wake, nikaenda. Mbele ya afisa nikasema, "Nilikatazwa kuita. Na kitambaa nilikiacha kwa uvivu." Afisa, binti wa bara mpole kweli kweli, akatueleza polepole. Mfanyakazi akikosea katika kazi ya mwajiri, mwenzake akaumia kazini, fidia ni ya mwajiri kulipa. Karatasi ya kunitisha mimi haimwondolei mzigo huo. Mama akatibiwa, na fidia yake akaipata. Mimi sikufukuzwa, nilipewa barua ya onyo, na nilistahili.

Miezi ikapita, mama akarudi kazini. Ule mkono hauinuki kupita bega mpaka leo. Asubuhi hiyo nilikuwa juu, na tangu tuende kwa afisa tumeruhusiwa kuita. Nikaita, "Chini kuna mtu?" Kimya. Nikangoja. Halafu nikaisikia sauti yake kutoka kule njiani: "Hakuna, mwanangu! Angua!" Machozi yakanitoka, na kule juu sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, na yule binti afisa. Na mama mwenyewe amekaa huko nyuma, kanikataza nisimtaje, basi tafadhalini msigeuke. Wenzangu, ukimuumiza mtu kazini usimkimbie. Nenda ukakae naye, useme kosa lako, na la mkubwa wako pia useme. Mimi siku hizi hata nikimwona mama kasimama mbali ananitazama, naita. Panga langu halishuki mpaka anijibu.