Mwalimu Aristides Rusengo na Bunduki Iliyopiga Palepale

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini, walimu waliofundisha na marehemu, majirani wa Nyarubungo, na ninyi mliokuja kwa sababu moshi wa jikoni ulionekana kutoka barabarani, familia inawasomea historia ya Mwalimu Aristides Rusengo, na inatoa taarifa kwamba hii siyo ile iliyoandikwa juzi na mdogo wake, ndugu Anatoli, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kwani ile ilikuwa na mistari kumi na minne, mitano ikimhusu ndugu Anatoli mwenyewe, na bunduki haikutajwa hata mara moja. Hii imeandikwa na binti mkubwa wa marehemu, Suzan, ambaye ndiye anayeisoma, na mama amesikiliza kila neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1954 huko Murusagamba, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rusengo na Bibi Nyirabahizi, wakulima wa migomba na maharage, akaanza shule ya msingi mwaka 1963, akahitimu darasa la saba mwaka 1969. Anatoli alizaliwa mwaka 1966, akabebwa mgongoni na marehemu mpaka alipojua kutembea, na wapo wanaosema hajawahi kushuka.

Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ualimu, akafundisha Ngara kwa miaka saba, kisha Januari 1981 akahamishiwa Biharamulo, hapa Nyarubungo, alikofundisha hisabati hadi alipostaafu tarehe 14 Juni 2014. Tarehe 9 Januari 1982 alifunga ndoa na Ernesta, wakajaliwa watoto watatu, Suzan, Yohanes na Anneth, na wajukuu saba. Mwaka 1995 Anatoli naye alimfuata huku, akapewa shamba na kaka yake, akalipanda mihogo.

Mwezi Agosti 2003, baada ya kupata leseni ya kumiliki silaha, marehemu alinunua bunduki ya kuwindia, ile ya kuvuta na kusukuma kikono kila unapotaka kufyatua tena, ya bei nafuu kuliko zote zilizokuwapo, kwa kuwa mshahara wa mwalimu unajulikana. Bwana Wiston, mfanyabiashara wa mbao pale mjini, aliyekuwa na yake ya bei mbaya yenye darubini, ambayo ilikaa nyuma ya kiti cha pikapu mwaka mzima bila kufutwa hata vumbi, aliitazama ya Mwalimu akauliza kama ni ya kusongea ugali, na wengi wenu mlicheka, mkiwemo ambao hamjawahi kumiliki hata manati.

Ni kweli kwamba mwanzoni bunduki ile ilitupa risasi kiganja kizima kushoto, na mvua zikianza ikatupa kulia, lakini marehemu alikuwa mtu wa hisabati, hakuwa mtu wa kulalamika. Aligundua kwamba mbao ya kitako ilivimba wakati wa masika na kuusukuma mtutu, akaikwangua kwa kipande cha chupa na msasa, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya daftari ikapita kati ya mbao na chuma bila kukwama popote. Alikaza skrubu mbili zinazoshika chuma, kila mara kwa mpangilio uleule, akaacha kuchanganya risasi za aina tofauti, akausafisha mtutu kwa vitambaa vya kanga za mama, nyingine zikiwa bado mpya, jambo ambalo mama hajalisahau. Ili mkono usishtuke, aliweka punje ya harage juu ya mtutu wa bunduki isiyo na risasi, akavuta kifyatulio, na harage likianguka alianza upya. Akienda bondeni kujaribu shabaha kwenye kichuguu, alisali kumi moja la rozari baada ya kila risasi ili mtutu upoe, na kila karatasi aliyoipiga aliiandika tarehe na kuitundika ukutani sebuleni. Kufikia mwaka 2009, matundu matano kwa hatua mia moja yalifunikwa na kizibo kimoja cha soda, na nguruwe pori wa bonde lile walipungua, mkavuna mihogo yenu bila kuuliza imeponaje.

Jumamosi, tarehe 17 Machi 2012, lilitokea jambo ambalo ndugu Anatoli hakuliandika. Siku hiyo marehemu alikuwa kitandani na malaria, Anatoli akaja kumsihi ampe bunduki kwa sababu nguruwe pori walikuwa shambani kwake, na marehemu, kwa homa na kwa mazoea ya kumbeba, akampa. Hilo lilikuwa kosa mbele ya sheria, na familia hailifichi. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, Anatoli aliona kitu kikitikisa mihogo, akapiga, akaua maksai wa kulimia wa Mzee Ndassa, jirani aliyehamia hapa kutoka Shinyanga. Maksai huyo alikuwa mweupe, mwenye pembe, na familia haijawahi kusikia habari za nguruwe wa namna hiyo.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi ndugu hao wawili walipokaa nje ya dirisha, Anatoli akilia kwamba atafungwa kwa kushika silaha isiyo yake. Marehemu alimjibu kwa maneno ambayo mama ameyatunza miaka kumi na mitatu:

"Wewe una watoto wadogo, Anatoli, na mimi nina bunduki ambayo tayari wanaicheka. Waache wacheke."

Akaenda ofisi ya kata na homa yake, akasema yeye ndiye aliyepiga, kwamba alilenga nguruwe lakini bunduki ni mbovu, imetupa risasi pembeni. Mtu aliyekaa miaka sita akiinyoosha bunduki hiyo aliikana mbele ya watu, na hakuna hata mmoja kati ya wajumbe waliomsikiliza pale, ambao wote waliwahi kunywa chai chini ya karatasi zile sebuleni, aliyejiuliza swali. Alitoa maksai wake mwenyewe kumlipa Mzee Ndassa, bunduki ikashikiliwa miezi kumi na minne, ikarudi na kutu, naye akapata jina la Mwalimu Pembeni, ambalo hata wanafunzi wake walilitumia.

Mtu angetegemea kwamba ndugu Anatoli angenyamaza. Mwaka 2014 alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na hakuna harusi aliyopewa kipaza sauti asiseme kwamba anayetaka usalama asimame mbele ya bunduki ya kaka yake, na kaka yake akiwa amekaa palepale, akitabasamu kwenye sahani. Marehemu akirudi nyumbani alichukua msasa akaanza upya, karatasi kwa karatasi, bila mtazamaji. Mzee Ndassa peke yake hakuwahi kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyemchuna maksai yule, akaona tundu moja nyuma ya bega, lililonyooka. Risasi ilikwenda palepale ilipoelekezwa, kilichopinda ni jicho la aliyeelekeza.

Marehemu alituagiza tusiseme maadamu anapumua. Aliugua tezi dume tangu Mei 2023, akatibiwa Biharamulo na baadaye Mwanza, akafariki nyumbani Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa tisa alasiri, na agizo lake likaishia hapo. Bunduki ilikabidhiwa polisi jana asubuhi, kama sheria inavyotaka, hivyo vijana wa ndugu Anatoli wanaoiulizia tangu msiba uanze wakae watulie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kuleta kuni, walimu wenzake waliokuja kumsomea magazeti alipokuwa hawezi kuinuka, na Mzee Ndassa, ambaye maksai wake wamevuta mchanga wa kaburi tangu jana. Inamshukuru pia ndugu Anatoli kwa kusimamia chakula, ambako hajakosa shabaha.

Karatasi ya mwisho ya marehemu, ya tarehe 5 Aprili 2023, imebandikwa kwenye nguzo ya turubai kando ya picha yake, ina matundu matano, na kizibo cha soda kiko mezani. Tunaomba kila anayepita kutoa heshima za mwisho akiweke juu ya matundu kwa mkono wake mwenyewe, na mwenyekiti wa kamati, aliyekaa kiti cha mbele, aanze yeye.

Pumzika sasa, Baba. Bunduki yako haikuwa mbovu.