Nanikasema na Seli Iliyocheza

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mume wa binti yake wa pekee, niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa yeye mwenyewe, kama angekuwa amekaa hapa, angetaka kwanza kujua karatasi hii imeandikwa na nani na nani ameipitia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake. Akiwa sekondari alimuuliza mwalimu wa sayansi, "Nani kasema?", akatolewa nje ya darasa, na jina la Nanikasema likamganda mpaka chuo kikuu, alikohitimu mwaka 1973 na kuajiriwa katika maabara ya masikio. Mwaka 1975 alifunga ndoa na fundi saa, aliyetangulia mwaka 1999, wakajaliwa binti mmoja.

Kazi yake, kwa tusioijua, ilikuwa hivi: ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinywele kichwani, sauti ikiingia vinywele hulala na kuinuka, na baadhi ya seli hizo hufupika na kurefuka, na kwa kufanya hivyo huikuza sauti iliyo hafifu. Wengine walishaliandika jambo hilo, lakini mama hakuwa mtu wa kuchukua habari za watu, na hata alipoiona seli ikicheza chini ya hadubini yake, mkuu wa maabara akimhimiza atie sahihi ripoti ya matokeo, yeye alilishuku friji la chumba cha pili kwamba ndilo linalotikisa meza.

Mwezi Agosti 1998 niliitwa mimi, fundi wa mafriji.

"Umelizima?" akaniuliza.

"Nimelizima, mama."

"Lichomoe."

Nikalichomoa, akaniamuru niinue ncha ya waya ili aione, kisha akanikalisha kwenye hadubini bila kuniambia kitu, kwa kuwa alitaka macho ya mtu asiyejua anachotakiwa kuona.

"Kuna kadude kanajikunja na kujinyoosha," nikamwambia.

Aliangalia mwenyewe tena, ndipo akaenda kutia sahihi, na wenzake wanasema siku ile alipita koridoni akiimba.

Baadaye friji lile liliharibika mara mbili, na kwa kuwa binti yake alikuwa akimletea chakula cha mchana, mama akanishuku kwamba naliharibu makusudi ili nije kumwona, akawa anakagua hata mfuko wangu wa vifaa. Nasema leo mbele ya jeneza lake, sikuligusa. Tulipooana mwaka 2001 alitupa baraka zake kwa neno moja, "Tutaona," akaja kuwalea wajukuu wawili kwa mapenzi makubwa.

Kuanzia mwaka 2012 masikio yake yalififia, naye aliyejua kuliko sisi sote kwamba seli zile zikifa kwa binadamu hazioti tena, alikataa kwamba ni zake, akasema sisi ndio tunaonong'ona. Tukicheka sebuleni, kwake tunamcheka yeye, tukinyamaza, tunapanga kuuza nyumba, na mke wangu alilia mara nyingi jikoni. Kifaa cha kusikilizia alikifungua, akakichunguza, akakirudisha kwenye boksi.

Februari mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 13 Juni daktari alizungumza nasi mlangoni mwa wodi, mke wangu akarudi kitandani kwa mama akitabasamu, mama akamwambia atoke, akaniita mimi.

"Daktari anasemaje?"

Nilisogea aione midomo yangu, nikamwambia, "Mama, anasema haturudi nyumbani pamoja."

Akaushika mkono wangu, akasema, "Sasa nimesikia," akaomba binti yake aingie, naye akafariki alfajiri ya siku iliyofuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliohojiwa mara nyingi wakaendelea kubisha hodi, na wenzake wa maabara.

Pumzika kwa amani, mama, na hiyo amani nayo ukaikague mwenyewe.